Monita ya picha kali: soma mgongo wa kompyuta kabla ya kutoa fedha

Mfanyabiashara wa Kipili anayenunua dagaa na migebuka ufukweni na kuipandisha Namanyere na Sumbawanga hafanyi kazi na bei moja. Anayo bei ya ufukweni, bei ya sokoni Sumbawanga, nauli ya gari, magunia, ushuru na madeni ya wateja. Mzigo ukivuka kwenda Zambia au Kongo, kwacha, faranga na dola nazo hudai nafasi yake katika hesabu. Ziwa Tanganyika linapofungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, mtaji ule ule hupanda mlima kutafuta mahindi, maharage, ulezi na alizeti za uwanda wa Ufipa. Kwa yule aliyekwisha kuliacha daftari, mambo yote hayo yamo katika jedwali moja la kompyuta.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kioo kidogo huonyesha kipande tu cha jedwali. Mwenye mali hulisogeza kulia kutafuta safu ya madeni, jina la mteja likapotea kushoto, na deni la huyu likaandikwa kwenye mstari wa yule. Mwekezaji mdogo anayefuatilia bei katika Soko la Hisa la Dar es Salaam naye hupata taabu hiyo hiyo anapotaka kuona bei ya kununulia, bei ya sasa na gawio kwa mara moja. Ukikosea Sh 300 kwa kilo katika mzigo wa kilo 2,000, umepoteza Sh 600,000 bila kuibiwa na mtu.

Somo letu wiki hii ni namna ya kuchagua na kufunga monita kubwa yenye picha kali kwenye kompyuta ya mezani. Tumewafikiria zaidi wasomaji walio mbali na maduka. Aliyeko Kariakoo akinunua waya usiofaa huurudisha jioni ile ile. Aliyeko Kipili akifanya kosa hilo hulipa nauli, mzigo na siku kadhaa za kazi. Kwa sababu hiyo jambo kuu la kukumbuka ni moja: picha haiwezi kuwa bora kuliko kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote katika mnyororo, nao mnyororo huo huanzia kwenye kompyuta, si kwenye monita.

PIKSELI NI ENEO LA KUFANYIA KAZI

Picha ya kompyuta hujengwa kwa nukta ndogo za mwanga ziitwazo pikseli. Monita ya pikseli 1366 kwa 768, inayopatikana sana katika vifaa vya zamani, ina pikseli 1,049,088. Ya 1920 kwa 1080 ina 2,073,600. Ya 2560 kwa 1440 ina 3,686,400. Ya 3840 kwa 2160, ambayo madukani huitwa 4K, ina 8,294,400, yaani mara nne kamili ya ile ya 1920.

Tuzigeuze hesabu hizo ziwe lugha ya biashara. Safu ya kawaida katika jedwali la Excel, kabla hujaipanua, ina upana wa pikseli 64. Kwa hiyo monita ya 1366 huonyesha safu 20 hivi kwa mara moja, ya 1920 huonyesha 29, na ya 2560 huonyesha kama 39. Mwenye safu 30 za hesabu ataona jedwali lake lote kwenye ile ya 2560, na hatalazimika kusogeza chochote.

Je, 4K itampa safu 59? Kwa hesabu tupu, ndiyo. Kwa macho ya binadamu, sivyo. Monita ya 4K yenye inchi 27 ina pikseli 163 katika kila inchi moja, na herufi zake hutoka ndogo mno. Mtumiaji hulazimika kuiamuru kompyuta ikuze maandishi hadi asilimia 150, na akishafanya hivyo nafasi inayobaki ni sawa na ile ya 2560 kwa 1440. Anachokipata kwa fedha za ziada ni herufi zilizonolewa vizuri zaidi, jambo jema kwa macho yaliyochoka, lakini hapati hata safu moja ya nyongeza. Wauzaji wengi hawalielezi jambo hili.

Kwa kazi ya tarakimu, kipimo kinachofaa ni hiki: inchi 22 hadi 24 zichukue 1920 kwa 1080, inchi 27 zichukue 2560 kwa 1440, na 4K ianze kufikiriwa kwenye inchi 27 kwa anayetaka herufi safi, au inchi 32 na zaidi kwa anayetaka nafasi. Jihadhari na monita ya inchi 27 yenye pikseli 1920 kwa 1080. Ni kubwa kwa umbo tu. Safu ni zile zile 29 za monita ya inchi 24, ila herufi ni nene.

ANZIA MGONGONI MWA KOMPYUTA

Kabla ya kuuliza bei, chukua tochi na uangalie nyuma ya kompyuta. Utakuta tundu moja au zaidi kati ya manne yafuatayo.

La kwanza ni VGA, ambalo mara nyingi ni la buluu, lenye matundu madogo 15 katika mistari mitatu. Ni la mwaka 1987 na hupeleka picha kwa mawimbi ya umeme yasiyo ya kidijitali. Kadiri pikseli zinavyoongezeka, ndivyo herufi zinavyofifia na kuwa na vivuli. Linafaa kwa monita ndogo, si kwa kazi tunayoizungumzia hapa.

La pili ni DVI, kubwa na mara nyingi jeupe, lililotoka mwaka 1999. La aina ya njia moja huishia kwenye pikseli 1920 kwa 1200; la njia mbili hufika 2560 kwa 1600.

La tatu ni HDMI, lile lile la televisheni na visimbuzi. Hapa ni lazima kuuliza toleo. Toleo la 1.4 la mwaka 2009 hupitisha 4K, lakini kwa picha 30 tu kwa sekunde, na mshale wa mausi huonekana kama unaburutwa. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 hupitisha 4K kwa picha 60 kwa sekunde, na hicho ndicho kiwango cha kufanyia kazi bila kero.

La nne ni DisplayPort, linalofanana na HDMI ila pembe yake moja tu ndiyo iliyokatwa. Kuanzia toleo la 1.2, tundu hili hupitisha 4K kwa picha 60 kwa sekunde.

Tuchukue mfano wa mashine inayojulikana sana miongoni mwa kompyuta za ofisi zilizotumika: Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Nyuma yake ina matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA. HDMI haipo. Picha yake, bila kuongezewa kadi, huishia pikseli 2560 kwa 1600 kupitia DisplayPort. Mwenye mashine hii akinunua monita ya 4K amelipia pikseli ambazo kompyuta yake haiwezi kuzijaza. Akinunua ya 2560 kwa 1440 yenye tundu la DisplayPort, pamoja na waya wa DisplayPort, amepata kila alicholipia.

Akitaka 4K kwa lazima, njia iliyopo ni kuongeza kadi ya picha. Apime kwanza nafasi iliyomo ndani ya kasha, kwani makasha membamba hupokea kadi fupi tu, na aulize kama sanduku la umeme la kompyuta linaimudu. Kadi ikishafungwa, waya wa monita uchomekwe kwenye tundu la kadi hiyo, si kwenye matundu ya zamani ya kompyuta. Wengi hukosea hapo, wakadhani monita mpya ni mbovu.

MTEGO WA ADAPTA

Tuseme kompyuta ina DisplayPort na monita ina HDMI peke yake. Muuzaji atakupa adapta ndogo na kukuambia kazi imekwisha. Subiri kidogo. Adapta ya bei rahisi kutoka DisplayPort kwenda HDMI, ile ya aina ya kwanza, hufikia pikseli 1920 kwa 1200 tu. Monita ya 2560 ikiunganishwa nayo itaonyesha picha iliyotandazwa na herufi zenye ukungu. Ipo adapta yenye saketi ya kugeuza mawimbi ndani yake ambayo hupitisha 4K kwa picha 60 kwa sekunde, lakini bei yake ni kubwa zaidi na lazima uitaje kwa kazi hiyo. Hata hiyo haiwezi kuzidisha uwezo wa kompyuta yenyewe.

Aidha, adapta hizi hazifanyi kazi kwa kurudi nyuma. Iliyotengenezwa kutoka DisplayPort kwenda HDMI haitapeleka picha kutoka kompyuta yenye HDMI kwenda monita yenye DisplayPort. Ushauri wetu ni kununua monita yenye tundu linalofanana na la kompyuta yako, uachane na adapta kabisa.

WAYA NAO NI SEHEMU YA MONITA

Picha ya 4K kwa picha 60 kila sekunde, kwa rangi za kawaida, hudai takriban biti bilioni 12 katika sekunde moja. HDMI 1.4 hubeba jumla ya biti bilioni 10.2, na HDMI 2.0 hubeba bilioni 18. Waya dhaifu hauleti tu picha yenye makosa madogo. Huleta kioo kinachozimika na kuwaka, au ujumbe kwamba hakuna mawimbi. Nunua waya wa mita 1.5 au 2, ulioandikwa kasi inayotosha. Usinunue wa mita 10 kwa kuwa ofisi ni kubwa. Ni rahisi zaidi kuisogeza meza.

TELEVISHENI JE?

Wapo wanaosema: televisheni ninayo, nitaitumia. Soma kibandiko cha nyuma kwanza. Televisheni nyingi za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768. Ni pana kwa macho, lakini huonyesha safu chache kuliko monita ya inchi 22 yenye pikseli 1920. Televisheni ya 4K ya inchi 43 inaweza kutumika, ila huwa na mazoea mawili mabaya. Hukata kingo za picha kama inavyofanya kwa matangazo, na wakati mwingine hupunguza habari za rangi, tarakimu nyekundu zikawa na ukungu. Ingia kwenye mipangilio yake, uichagulie hali ya kompyuta, na uzime ukuzaji wa picha. Kama hali hiyo haipo, iache televisheni iendelee na kazi ya sebuleni.

KUFUNGA NA KUPANGA

Zima kompyuta na monita. Chomeka waya wa picha pande zote mbili mpaka ukae imara. DisplayPort nyingi hutoa mlio mdogo wa kujifunga, na kuchomoa kwake ni mpaka ubonyeze kitufe kilicho juu ya kichwa cha waya. Kisha chomeka umeme, washa monita, halafu kompyuta. Kikitokea kioo cheusi, bonyeza kitufe cha monita cha kuchagua tundu na uchague lile ulilochomeka.

Kompyuta ya Windows ikishawaka, bonyeza upande wa kulia wa mausi mahali patupu, kisha uchague “Display settings”. Hapo fanya mambo matatu. Kwanza, kwenye wingi wa pikseli chagua tarakimu zile zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha monita. Mara nyingi kompyuta yenyewe huziwekea neno “Recommended”. Pili, weka ukuzaji wa maandishi: asilimia 100 kwa inchi 27 yenye 2560 kwa 1440, na kama 150 kwa inchi 27 yenye 4K. Tatu, ingia sehemu ya mipangilio ya juu zaidi na uhakikishe kwamba idadi ya picha kwa sekunde ni 60, si 30.

Usipunguze wingi wa pikseli ili herufi ziwe kubwa. Hilo ndilo kosa tunalolikuta zaidi maofisini. Monita bapa ina pikseli zisizobadilika idadi. Ukiilazimisha kuonyesha pungufu, inapaka picha kwa kubahatisha na tarakimu 3, 6 na 8 huanza kufanana. Herufi zikuzwe kwa asilimia. Pikseli zibaki kamili.

Weka monita umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukiwa sawa na macho. Dirisha liwe ubavuni. Kipili mwanga wa mchana hupiga ziwani ukarudi ndani, na monita inayotazamana na dirisha haisomeki saa sita, yenye pikseli nyingi au chache.

DALILI NA TIBA ZAKE

Ukiona maneno “No signal”, kagua tundu ulilochagua kwenye monita, kisha waya, kisha kama umechomeka kwenye kadi ya picha au kwenye tundu lisilotumika. Ukiona herufi zenye ukungu, kagua wingi wa pikseli, halafu kama unatumia VGA. Mshale ukiburuta, kagua idadi ya picha kwa sekunde. Kioo kikizimika na kurudi, badilisha waya kabla ya kuilaumu monita. Na kama orodha haionyeshi kabisa pikseli ulizozilipia, ama adapta ni dhaifu, ama kompyuta imefika mwisho wa uwezo wake.

UMEME NA FEDHA

Monita ya inchi 27 hutumia wati 30 hivi. Kibandiko chake kitakupa tarakimu kamili. Kwa saa 8 kwa siku ni wati-saa 240, na kwa siku 26 za kazi ni uniti 6.24. Mwenye sola ya betri moja ya volti 12 na Ah 100 ana wati-saa 1,200 kwa hesabu ya kibandiko. Akiitumia nusu ili betri idumu, anazo 600, na kompyuta nayo inasubiri sehemu yake. Punguza mwanga wa monita jioni, macho na betri vitanufaika pamoja. Weka UPS upate dakika chache za kuhifadhi hesabu na kuzima kwa utaratibu, na radi zikianza kunguruma, chomoa waya ukutani.

Kwa anayetengeneza hesabu kamili za kodi, kompyuta na vifaa vyake vimo katika daraja la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki. Tuseme, kwa mfano tu, monita imegharimu Sh 600,000. Mwaka wa kwanza unaondoa Sh 225,000, zinabaki 375,000. Mwaka wa pili unaondoa Sh 140,625. Anayelipa kodi kwa makadirio ya mauzo hana punguzo hilo, na bei yote ni ya mfukoni mwake. Kwa vyovyote vile, dai risiti ya mashine ya EFD. Bila risiti huna hoja mbele ya ofisa wa kodi, wala mbele ya muuzaji monita ikiharibika ndani ya muda wa dhamana.

Zingatia pia majira. Mfanyabiashara wa samaki asifunge mtaji wake kwenye kifaa wiki mbili kabla ya ziwa kufungwa, wakati fedha hiyo hiyo inatakiwa kununulia mahindi. Monita inaweza kungoja, msimu haungoji.

KABLA YA KUTUMA FEDHA

Msomaji aliyeko Kipili, Kirando au Kabwe afanye hivi. Apige picha ya mgongo wa kompyuta kwa simu, tundu kwa tundu, na picha ya kibandiko cha aina ya mashine. Amtumie muuzaji wa Sumbawanga au Dar es Salaam, na amuulize kwa maandishi maswali manne: monita hii ina pikseli ngapi, ina matundu gani, kompyuta yangu itazijaza pikseli hizo kwa picha 60 kwa sekunde, na waya uliomo kwenye boksi ni upi? Muuzaji anayeijua kazi yake atajibu yote manne. Asiyejibu, au anayejibu kwa kutaja inchi peke yake, muache na fedha yako ibaki nawe.

Ukiwa na mtu wa kukupokelea mzigo mjini, aiwashe monita dukani kabla ya kulipa, aweke kioo cheupe chote na kisha cheusi chote, atafute nukta zilizokufa. Ni kazi ya dakika tano. Kasoro ikionekana pale pale kaunta, monita inabadilishwa. Ikionekana Kipili, baada ya boksi kuteremka ukingo wa bonde la ufa hadi ziwani, inabaki ni mali yako.